Mwezi wa Mabati

Katika nchi zote nilizowahi kufika, hakuna iliyonipokea kwa heshima kama Kiangamo, wala hakuna niliyoiaga na moyo mzito kiasi kile. Nilialikwa kwenda kuwafundisha watoto wa huko habari za mwezi, setilaiti na safari za angani, kazi ambayo nimeifanya kwetu tangu ujana na ninaipenda kupita chakula. Njiani hakukuwa na la kusimulia. Nitaanzia mpakani, ambako ofisa mmoja mpole alinivisha kofia pana ya rangi ya chungwa, akapanda ngazi iliyoegemezwa ukutani, akasimama huko juu akinitazama utosini.

"Umeonekana," alisema baada ya kitambo. "Karibu Kiangamo."

Baadaye nilijua kwamba hiyo ndiyo salamu yao. Wakikutana asubuhi huulizana, "Umeonekana?" na jibu ni, "Nimeonekana, sijui wewe." Aliyeshinda ndani kwa ugonjwa huona aibu kujibu, kwa hiyo hupitia njia za nyuma mpaka atoke tena juani.

Chanzo cha haya yote ni setilaiti. Zamani Kiangamo ilijinyima, ikapata setilaiti yake, nayo ikarushwa angani kwa nia njema kabisa: itazame mashamba, mafuriko na moto wa nyika. Kila siku saa sita mchana hupita juu ya nchi na kupiga picha moja. Picha ya kwanza ilipofika, viongozi walikusanyika kuitazama, wakaona mapaa yenye kutu, vumbi, na mto uliokauka. Waliona haya mno. Mtu mwingine angeanza na mto. Wao waliunda Baraza la Sura, na kazi ya baraza hilo ikawa kuhakikisha kwamba picha ya kesho inapendeza kuliko ya leo.

Basi mapaa yakapakwa rangi, na kuta zikaachwa bila lipu. Sokoni mwenye nyanya huzipanga zile nzuri zitazame juu, na zilizooza hukaa chini kwa amani. Harusi hufungwa uwanjani saa sita kamili, kwa kuwa ndoa iliyofungwa chini ya paa haitambuliwi. Sheria mama ya nchi ni fupi: kilichomo pichani kipo, kisichomo hakipo. Kwa sababu hiyo wezi wa Kiangamo huiba ndani ya nyumba tu, na hawajawahi kushtakiwa. Njaa nayo ilimalizwa kwa sheria hiyohiyo. Kila kaya hutakiwa kuweka sufuria nje saa sita, ikiwa na mfuniko unaong'aa, na sufuria zinazoonekana huhesabiwa kuwa chakula. Nilitaka kucheka, lakini nilimwona mama mmoja akiusugua mfuniko wa sufuria tupu kwa majivu, mtoto wake akimtazama, na hamu ya kucheka ikaniisha.

Nililetwa kwenye Shule ya Mwezi. Paa lake ni fahari ya taifa, duara kubwa jeupe lililopakwa juu ya mabati, ambalo pichani huonekana kabla ya kitu kingine chochote. Mwenyeji wangu alikuwa Bi Nyamizi, mwalimu mkuu, mwanamke mwembamba wa maneno machache, mwenye tabia ya kufuta ubao hata ukiwa safi. Aliniingiza darasani. Nilivua ile kofia, nikainua macho, nikaliona paa la fahari kutoka upande ambao baraza halijawahi kuutazama.

Lilikuwa limekwisha. Kutu ilikuwa imelila, likawa na matundu makubwa yanayopitisha kichwa cha mtu, na baina ya hayo matundu madogo ya misumari iliyong'oka. Boriti ziliota ukungu. Sakafuni palikuwa na mifereji iliyochimbwa na maji ya mvua zilizopita, ikizunguka miguu ya madawati.

Niliwaamkia watoto, nikaanza kama ninavyoanza kwetu. "Nani ataniambia mwezi ni nini?"

"Mwezi ni paa la shule yetu," waliitikia kwa pamoja.

"Na setilaiti?"

"Ni jicho linalotupenda."

Nilitoa mpira na taa yangu. Niliwaonyesha kwamba mwezi ni jabali linaloizunguka dunia, halina mwanga wake, huazima wa jua. Niliwaambia kwamba watu wamewahi kuutembelea wakarudi na mawe, na kwamba setilaiti ni chombo tu, hutazama kule kilikoelekezwa. Walinisikiliza wameinamisha vichwa. Nikadhani ni haya ya mgeni, kumbe wamefundishwa hivyo. Nyuso zikiinuliwa huharibu mistari ya kofia pichani, na mtoto wa Kiangamo hujifunza kutotazama juu kabla hajajifunza kusoma.

Binti mmoja wa dawati la mbele, jina lake Chausiku, alinyoosha mkono. "Shikamoo mwalimu mgeni. Hiyo setilaiti yetu ikigeuzwa itazame kule kwingine, itaona nini?"

"Marahaba, mwanangu. Itaona mwezi wenyewe. Itaona nyota. Nchi nyingine zina vyombo vinavyotazama huko."

"Sasa mbona yetu inatutazama sisi tu?"

Nilimtazama Bi Nyamizi, naye alikuwa akifuta ubao.

Chausiku alikaa peke yake katika dawati la watu wawili. Shule nzima watoto wamebanana, watatu watatu, lakini nafasi ile iliachwa wazi, tena imefutwa vumbi. Wakati wa mapumziko niliuliza kwa nini.

"Alikaa Kudra hapo," alisema Bi Nyamizi. "Mvua za vuli zilikuwa zinamwagikia dawati lile. Tulimhamisha kila upande, lakini utamhamishia wapi mtoto, na paa lote ni hilo? Alilowa, akashikwa na homa ya mapafu. Mama yake akatamani angalau akubaliwe kumwekea kitambaa cheupe kaburini, kama wanavyowekewa wafu wetu waonekane. Baraza likakataa. Lilisema mtoto aliyeugua chini ya paa na kufia chini ya paa hajafa. Na kwa kuwa wakati wa kuugua hakuwa pichani, basi hata kuugua hakuugua."

"Kwa nini hamzibi paa?"

"Mabati tunayo. Wazazi wameyanunua moja moja, wameyaficha chini ya vitanda. Tatizo ni hayo matundu. Pichani yanaonekana meusi juu ya duara jeupe, na baraza limeyapenda. Linasema ni mashimo ya mwezi. Shule itakayobadilisha sura yake bila ruhusa hufutwa. Paa hupakwa rangi ya udongo, na watoto hurudishwa makwao kwa maisha yao yote." Alionyesha juu kwa kidole. "Masika haiko mbali, mwalimu. Zile boriti hazitafika Juni. Sasa hivi sioni kama watalowa tu. Naona paa zima likiwaangukia."

Nilikwenda kumwona Msimamizi Mkuu wa Sura, Bwana Lukindo. Nilitarajia jitu katili, nikamkuta mzee nadhifu, msomi, mwenye kofia ya dhahabu pana kama ungo, aliyenikaribisha chai kwa adabu zote. Picha za nchi, moja ya kila mwaka, zilitundikwa ukutani, na kwa kweli zilikuwa zinapendeza mwaka hadi mwaka.

"Bwana Msimamizi," nilisema, "lile paa la shule limeoza."

"Wewe ni mtu wa elimu," alinijibu taratibu. "Nikuulize. Mwezi una mashimo, au hauna?"

"Unayo."

"Basi mbona unataka tuwadanganye watoto? Paa lile ni somo. Tukiyaziba mashimo tutakuwa tumewafundisha uongo."

"Lakini kuna watoto chini yake."

"Chini ya nini?"

"Chini ya paa, mzee."

Aliweka kikombe chini, akanitazama kwa huruma ya kweli, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Ndugu yangu, huko chini hatukushughulikii. Hakumo."

Nilitoka pale nimekasirika hata chai ikawa chungu mdomoni. Lakini njiani nilikumbuka jambo nililokuwa nimelisahau kwa mambo ya nchi ile. Nilikuwa nimeuchagua mwezi huo wa safari kwa makusudi, maana jua lingepatwa, na kivuli cha mwezi kingepita juu ya Kiangamo kwenyewe. Nilitaka kuwaonyesha watoto. Nilimweleza Bi Nyamizi kama habari ya masomo tu.

Kitambaa cha kufutia ubao kilisimama mkononi mwake. "Saa ngapi?"

"Giza lenyewe litakuwa saa sita."

"Setilaiti hupita saa sita."

"Najua. Picha itatoka nyeusi."

Alivuta kiti, akaketi. Aliniambia kwamba mwaka aliozaliwa, moto wa nyika uliwaka siku tatu, na moshi ukafunika nchi nzima. Siku za mawingu sheria inazijua. Sura ya jana huhesabiwa kuwa inaendelea, na mgambo hupita na ngoma wakiwaamuru watu wakae pale walipo, kitu kisibadilike. Lakini picha za moshi zilitoka nyeusi, na nyeusi haikuwa na sheria. Baraza liliona aibu, likazifuta zile siku tatu kama hazikuwahi kuwapo.

"Nilizaliwa siku ya pili ya moshi," alisema. "Kisheria sijazaliwa. Sina umri, mwalimu. Wenzangu wamestaafu, mimi siwezi. Nimekwenda barazani mara nyingi, na kila mara naambiwa kitu kimoja: lililotokea siku iliyofutwa haliulizwi." Aliinamia meza kidogo. "Na shtaka la Kiangamo lisilo na siku halisikilizwi. Lazima mshtaki ataje siku."

Nilimwona jioni akipita nyumba za wazazi, na kila nyumba alikaa muda wa kupewa maji na kuyanywa.

Siku ile anga lilikuwa safi. Kabla ya saa sita niliwakusanya watoto darasani, nikawaambia kwamba leo hawatatazama juu hata kidogo, maana jua linaloliwa hupofua macho. Walinishangaa. Hakuna aliyewahi kuwaambia jambo hilo kwa sababu ya macho yao.

"Tazameni sakafu," niliwaambia.

Kila tundu la msumari lilikuwa limeangusha kiduara cha mwanga. Vilikuwa vimeenea sakafuni, juu ya madawati, mabegani mwao. Kila siku vilikuwapo, nao walidhani ni mwanga tu. Niliwaeleza kwamba tundu dogo ni jicho, na kila kiduara ni picha ya jua. Kisha vikaanza kumong'onyoka. Upande mmoja wa kila kiduara uliingia giza dogo, vyote kwa pamoja, na Chausiku akavuta pumzi nikamsikia.

"Nini kinakula?"

"Mwezi," nilisema. "Mwezi wenyewe, lile jabali. Umepita kati yetu na jua."

Vilizidi kuwa vyembamba, vikabaki kama vipande vya kucha, mamia, sakafu nzima. Watoto waliviweka viganjani. Kulikuwa na kimoja juu ya nafasi ya Kudra, na Chausiku hakukigusa. Nilikuwa nimelieleza tukio hilo maisha yangu yote kwa mpira na taa, na nasema bila aibu kwamba nililia. Kisha giza likaingia, kuku wa jirani wakanyamaza, na mahali fulani juu yetu chombo kikapita kikapiga picha ya kivuli.

Mwanga uliporudi tulisikia ngazi zikiegemezwa. Wazazi walikuja na mabati vichwani, baba na mama, na Mama Kudra alikuwa wa kwanza kupanda. Walibadilisha boriti, wakang'oa mabati ya kale, wakapigilia mapya na kulipaka upya lile duara jeupe mpaka jioni. Hakuna aliyeimba. Walipofika juu ya dawati la mbele, Chausiku alimwita mama yule kutoka chini.

"Mama Kudra, hapo niachieni tundu moja. La msumari tu."

Kisha tukasikia nyundo ikigonga mara moja, msumari ukapita, ukachomolewa.

Jioni hiyo niliitwa barazani kama mtaalamu wa mambo ya anga. Picha nyeusi ilikuwa mezani na wazee wameizunguka wamesimama. Nilisema kwamba ni kivuli cha mwezi. Mjumbe mmoja aliuliza itakuwaje, na mwezi wa taifa haujasogea shuleni. Wa pili alishuku nchi jirani. Wa tatu alisema pengine mtoto mmoja alitazama juu. Walijadili kwa dhati na kwa lugha nzuri, na naapa hawakuwa wajinga. Walikuwa wamefundishwa kulipenda jambo moja tu. Mwisho Bwana Lukindo alisimama, akasema taifa haliwezi kukubali siku yenye sura kama ile. Siku ikafutwa. Walinishukuru wote.

Picha ya kesho yake ilionyesha duara linalometa, lisilo na shimo hata moja. Bwana Lukindo alifika shuleni na mgambo wake, na wazazi walikuwa wanamngoja uwanjani, kila mmoja na kofia yake, mistari imenyooka.

"Nani amebadilisha sura ya mwezi?"

"Sisi," alisema Bi Nyamizi.

"Lini?"

"Jana."

Karani alikohoa. Bwana Lukindo alimtazama, kisha akamtazama Bi Nyamizi, na niliona amekwishafahamu alipofikishwa. "Jana haipo," alisema polepole.

"Ndiyo, mzee. Tumesikia."

"Juzi mashimo yalikuwapo. Leo hayapo. Hapo katikati hakuna siku." Alisema hayo kama anayejisomea mwenyewe. Mtu mwovu angepiga watu. Yeye alikuwa mtu wa sheria, na sheria ilikuwa yake. Kisha alifanya jambo ambalo nadhani hakuna Msimamizi aliyewahi kulifanya: aliomba aingie ndani.

Alipita mlangoni kwa shida kwa sababu ya kofia ile. Alitazama sakafu kavu, mifereji ya maji ya kale, watoto watatu watatu. Akasimama mbele ya dawati la Chausiku. Kiduara kimoja cha mwanga kilikuwa kimekaa juu ya nafasi iliyo wazi.

"Hapa anakaa nani?"

Mama Kudra alikuwa ameingia nyuma yake. "Anakaa mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Mlisema hakufa. Nikamngoja arudi, hakurudi." Hakupandisha sauti. "Mzee, sikuja kugombana. Leo umekubali bati lipo juu yetu, ingawa siku yake haipo. Umeligusa kwa macho yako. Basi kubali na mwanangu alikuwepo. Sina picha yake. Nina hili dawati."

Mgambo walitazama chini. Bwana Lukindo aliinua mikono yote miwili, akaivua ile kofia ya dhahabu, akaishika kifuani. Kichwa chake kilikuwa kidogo na cheupe kwa mvi, kama cha babu yeyote. Alikaa hivyo mbele ya dawati, chini ya paa, mahali ambapo hakuna jicho la kumwona.

Nje aliivaa tena. Aliamuru mashimo yachorwe kwa rangi nyeusi juu ya mabati mapya, ili sura ya taifa iendelee, na kwamba shule isifutwe kwa kukosekana kwa siku ya kosa. Sheria ya Kiangamo haikubadilika hata neno. Mto bado umekauka, na sufuria bado zinang'aa saa sita. Siwezi kusema nililoshuhudia lilikuwa zaidi ya paa moja.

Nilikaa mpaka masika ilipoanza. Mvua ya kwanza ilishuka tukiwa darasani, na watoto wakaruka kukimbilia kona zao kama walivyozoea. Kisha wakasimama. Walikuwa hawajawahi kuisikia mvua ikipiga bati bila kuwapiga wao. Bi Nyamizi aliacha kufuta ubao.

Chausiku peke yake hakuwa amehama. Tone moja lilikuwa linapita katika tundu la msumari, likidondoka juu ya nafasi ya Kudra. Alitoa kikombe cha bati mfukoni, kumbe alikuja nacho tayari, akakiweka pale. Tulisikia likigonga, tone baada ya tone.

"Hilo tundu likizibwa halitavuja," nilimwambia.

"Najua, mwalimu," alisema. "Lakini hapo ndipo jua litapita."